Mwamba Ngoma: Wakili, Mwalimu na Haki ya Aliyeshindwa Maneno

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaieleza kwa ufupi: kila mtu hupendelea upande wake. Wanafunzi huiandika katika madaftari yao, mtihani hupita, na methali hulala. Katika makala haya tunakusudia kuiamsha, kwa sababu ilituletea swali ambalo hatukuwa tumejitayarisha kulijibu. Swali lenyewe ni hili: je, ni vyema kumfunza mtu ufundi wa kuivuta ngozi? Yaani, yafaa kumfunza kijana, iwe darasani au katika chuo cha sheria, jinsi ya kusema mpaka ashinde, ilhali mshindi wa maneno si lazima awe ndiye mwenye haki?

Wako walimu wenzetu watakaosema kwamba swali hili ni la mawakili, si letu. Hatukubaliani nao. Wakili, kabla ya kuingia chuo cha sheria, alipita mikononi mwa mwalimu wa lugha. Sisi ndio tuliomfundisha kupanga hoja, kuchagua neno na kutua mahali pa kutua. Ikiwa ulimi wake ni silaha, basi sisi tu wahunzi, na mhunzi hawezi kudai kwamba hajui kisu ni cha nini.

Sisi twafundisha Kiswahili Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura. Hapa Kiswahili si mgeni. Kililetwa na misafara na mashua za wafanya biashara wa Ujiji katika karne ya 19, kikabaki sokoni, misikitini na katika mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mukeke. Kirundi ndiyo lugha ya Warundi wote, na Kifaransa ndiyo lugha ya karatasi nyingi za ofisini. Lakini kwa wakazi wengi wa pwani hii Kiswahili ni lugha ya pili, na kwa baadhi yao, hasa waliokulia ng'ambo, ndiyo lugha waliyoizoea kuliko zote. Hao waliokulia ng'ambo wamo ndani ya swali letu, na hatuna budi kueleza walikwendaje huko.

Mnamo tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka katika pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi zaidi katika nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, ambako wengi waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba hayakubaki matupu. Mengine yaligawiwa watu wengine, wakiwamo waliotoka mikoa ya mbali na ziwa. Mengine yaliingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Aliyekabidhiwa shamba alilima, akapanda, akazaa, akazika. Tena sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa nguvu, kwani ilikubali kwamba mtu aliyeikalia ardhi kwa amani muda wa miaka 30 aweza kuihesabu kuwa yake. Hesabu hii ni rahisi, lakini ni chungu: 1972 ukiongeza 30 wapata 2002, na ni katika miaka hiyo hiyo ya 2000 ambapo wakimbizi wengi walirudi na kuyauliza mashamba ya baba zao.

Basi miaka michache iliyopita tuliwapa vijana wetu wa sekondari zoezi la kunena. Tuliligeuza darasa kuwa mahakama ya mazoezi, kama wafanyavyo wanafunzi wa sheria: hakimu mmoja, mawakili wawili, mashahidi na karani. Shauri tulilitunga wenyewe. Lilihusu shamba moja la michikichi, mtu aliyelikimbia mwaka 1972, na mtu aliyelilima tangu siku hizo. Hatukufikiri sana, tulitaka tu jambo ambalo kila mtu analifahamu. Kijana mmoja hodari alipewa kumtetea mkaaji wa shamba, na msichana mmoja mkimya akapewa kumtetea aliyerudi.

Kijana alinena vizuri. Alikuwa na methali, alikuwa na mpangilio, na alijua kunyamaza panapofaa. Alimwuliza shahidi wa upande wa pili maswali mafupi mafupi. Una hati? Hapana. Ulikuwa na umri gani mlipoondoka? Miaka sita. Je, mtoto wa miaka sita ajua mpaka wa shamba? Darasa likacheka. Msichana alisimama kujibu, maneno yakamkatikia, akakaa. Hakimu alimpa kijana ushindi, nasi tukampa alama nyingi na kumsifu mbele ya wenzake. Baada ya kipindi msichana alitufuata, akasema: "Mwalimu, mimi nimeshindwa maneno. Sikushindwa haki." Ndipo tulipopata kujua kwamba babu yake alirudi kutoka Ulyankulu, na kwamba shauri tulilolitunga kwa mchezo lilikuwa likiendelea nyumbani kwao.

Kauli hiyo yahitaji kupimwa kwa makini, maana ina mambo mawili ndani yake. Kwanza, ni kweli kwamba maneno na haki ni vitu viwili, na mtu aweza kupoteza kimoja bila kupoteza kingine. Pili, ni kweli vile vile kwamba mbele ya baraza haki isiyosemwa haionekani. Hakimu hakuwapo mwaka 1972. Hana njia ya kuyajua yaliyopita ila kwa maneno ya wale waliyoyaona au kuyarithi. Kwa hiyo hatuwezi kuikimbia hatari ya maneno kwa kuyatupa maneno yenyewe.

Swali hili ni la kale. Mwanafalsafa Plato wa Uyunani aliufananisha ufundi wa kunena na upishi, ambao huufurahisha ulimi lakini hauuponyi mwili kama tiba. Quintilian, aliyekuwa mwalimu wa unenaji huko Rumi katika karne ya kwanza, alishika njia nyingine: kwake yeye, msemaji kamili hana budi kuwa kwanza mtu mwema. Mmoja atuonya juu ya ulimi. Mwingine ataka ulimi ukabidhiwe mwenye tabia njema. Walakini majibu yao hayamtoshi msichana wetu. Yeye hakulalamika kwamba kijana alikuwa mwovu, na kijana kwa hakika hakusema uongo hata neno moja. Alilolifanya ni kuivuta ngozi kwake, na upande wa pili hakuwapo wa kuivuta.

Hapa yafaa tuirudie methali yetu. Twaishi katika nchi ya ngoma. Ngoma ya Burundi huchongwa katika gogo la mti, na ngozi ya ng'ombe huwambwa juu yake kwa vigingi vinavyouzunguka mdomo wake pande zote. Ngozi ikivutwa upande mmoja peke yake, hukunjamana huku na kulegea kule, na ngoma haitoi sauti. Ikivutwa pande zote kwa nguvu zilizo sawa hukaza, na hapo ndipo ngoma hulia ikasikika ng'ambo ya bonde. Basi kosa si la yule avutaye. Kila kigingi kimewekwa ili kivute. Kosa ni kuuacha upande mmoja bila kigingi.

Twaona kwamba hii ndiyo hoja kubwa ya kuutetea uwakili. Wakili anayesimama na mtu mwenye makosa hatendi dhambi kwa kule kusimama naye. Hata mwenye makosa ana neno la kusikilizwa: huenda kosa lake ni dogo kuliko alivyoshtakiwa, au naye alidanganywa. Mkaaji wa shamba letu la mfano hakumfukuza mtu. Alikabidhiwa ardhi na wenye mamlaka, akaitolea jasho. Nani atayasema hayo ikiwa kila mtu anayejua kusema atakataa kumsemea? Lakini hoja hiyo hiyo ina mpaka wake. Vigingi vyote, hata vikivuta pande mbalimbali, vimepigiliwa katika gogo moja, na gogo hilo ni ukweli. Wakili ana ruhusa ya kuchagua ni ukweli upi autangulize. Hana ruhusa ya kusema uongo, kumfundisha shahidi maneno ya kubuni, au kuificha hati.

Na lile swali la mtoto wa miaka sita? Lilikuwa swali la halali. Kumbukumbu ya mtoto yapasa kupimwa. Kilichodhulumu ni kwamba swali lilikoma pale pale, katika kicheko, na hakuna aliyeuliza la pili: kama mtoto hajui mpaka, ni nani mwingine aujuaye? Wako majirani wazee ambao hawakukimbia. Liko jina la mto, na uko mti wa mpakani. Hilo lilikuwa swali la wakili wa msichana, na kama wakili amekwama, lilikuwa swali la hakimu. Sisi tulikuwa walimu wa wote wawili, wala hatukuwafundisha.

Tukichungulia katika mafunzo ya juu ya mawakili, twaona kwamba jambo hili linajulikana huko. Tanzania, kwa mfano, ina Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambamo mwenye shahada ya sheria hujifunza kazi yenyewe kabla ya kukubaliwa kuwa wakili. Popote ufundi huu unapofundishwa, mwanafunzi huzoezwa kumwongoza shahidi wake asimulie bila kutiwa maneno kinywani, kumdodosa shahidi wa upande wa pili, na kuhitimisha hoja zake. Hapa Burundi utaratibu wetu una asili ya Ubelgiji: hakimu mwenyewe ndiye aulizaye zaidi, na wakili hutegemea sana hoja zilizoandikwa na hotuba yake. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mapokeo haya mawili hukutana katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha. Lakini katika mapokeo yote mawili lililo gumu si kusema, bali ni kusikiliza. Anayedodosa bila kulisikiliza jibu hulipita jambo kuu likiwa mbele yake. Anayejitayarisha kwa hoja zake peke yake, bila kuzitayarisha za mpinzani, hukutwa uchi barazani. Kumbe sikio ndilo linalofunzwa kwanza, nao ulimi hufuata.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Vigingi huwa havilingani kwa sababu ya lugha. Mtu aliyekulia Ulyankulu au Katumba huenda Kirundi chake kina kigugumizi, na Kifaransa hana kabisa. Akisimama mbele ya wazee akachanganya maneno, husikia watu wakicheka lafudhi yake, na kicheko hicho humwambia kwamba yeye si wa hapa, kabla shauri halijaanza. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ili mwananchi ausikie mwenendo wa shauri lake mwenyewe. Hali yetu ni tofauti, kwa kuwa Kirundi kinatuunganisha sote. Lakini funzo ni lile lile. Na mwalimu akiombwa kumtafsiria mtu kama huyo, na akumbuke kwamba hakuombwa kumpambia. Akipunguza amedhulumu, na akiongeza amedhulumu pia, hata kama ameongeza kwa huruma.

Baadhi ya wasomaji watasema: kwa nini tuhangaike na mawakili, ilhali tulikuwa na wazee? Ni kweli kwamba Burundi ilikuwa na bashingantahe tangu zamani. Mushingantahe hakuwa msemaji wa upande wowote. Alitazamwa na majirani kwa miaka mingi, akakaa karibu na waliomtangulia na kujifunza kwao, na mwisho akaapishwa mbele ya watu, akipewa fimbo ya haki iitwayo intahe. Baraza lilipokwisha kuwasikiliza wote wawili, wazee walijitenga wakashauriana mpaka wakapata neno moja, kisha wakalirudisha kwa wahusika. Lengo lao lilikuwa majirani waweze tena kupeana moto. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliutaja ushingantahe na roho yake ya upatanishi, na sheria ya mwaka 2021 ilirudisha baraza la wazee wa kilima katika njia ya kuamua mashauri ya kiraia.

Nasi twayaheshimu hayo yote. Lakini heshima isitufumbe macho. Utawala wa kikoloni, na serikali zilizoufuata, mara nyingine ziliwateua wazee wa kuwatumikia wao badala ya wale waliochaguliwa na jirani zao. Wanawake kwa muda mrefu waliingia katika heshima hiyo kupitia waume zao tu. Na hata penye wazee wema, suluhu si haki kwa sababu tu ni suluhu. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoanza kazi mwaka 2006, katika miaka yake ya mwanzo ilielekea kuwashawishi aliyerudi na mkaaji wagawane shamba. Baadaye ikaelekea kumrudishia aliyerudi shamba lote. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya mashauri hayo. Njia ya kwanza iliwaacha wengi wakiuliza kwa nini mwenye mali apewe nusu ya mali yake. Njia ya pili iliwaacha wengine wakiuliza watakwenda wapi na watoto waliozaliwa papo hapo. Kugawa kwa nusu ni hesabu nyepesi, nayo aghalabu humpendeza mgawaji kuliko wagawiwa. Mnyonge aliyechoka hukubali lolote, na kuchoka kwake kukaitwa amani.

Basi tufanyeje? Tuone mfano mmoja ulio mkubwa kuliko shamba. Mazungumzo ya Arusha juu ya vita vya nchi yetu yalisimamiwa kwanza na Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu kwa kazi yake ya kwanza. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 nafasi yake ikachukuliwa na Nelson Mandela, ambaye aliwahi kuwa wakili. Mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Haukuzima risasi siku ile, maana baadhi ya waliokuwa wakipigana hawakuwamo chumbani. Hata hivyo yafaa sisi walimu tuyatie moyoni mambo hayo mawili: kwamba kazi ile ilipokewa na wakili kutoka mikononi mwa mwalimu, na kwamba pengo lake lilikuwa pale pale ambapo sauti fulani hazikusikiwa.

Kwa maoni yetu, kumfunza mtu kunena ni jema, alimradi mafunzo hayo yafungwe kwa wajibu wa namna tatu. Kwanza, asiondoke katika gogo la ukweli, hata kama mteja wake amlipa ili aondoke. Pili, aweze kuyasema maneno ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe atayakubali kuwa ni yake. Tatu, ajue wakati wa kuiweka hoja chini na kutafuta mapatano, lakini asimsukume mnyonge katika mapatano ambayo yeye mwenyewe asingeyakubali. Kati ya hayo twaona la pili ndilo shina. Asiyeyajua maneno ya mwenzake hawezi kuupima ukweli wote, wala hawezi kujua ni mapatano yapi yaliyo ya haki. Nalo ni jambo linaloweza kuanza kufundishwa darasani, kabla ya chuo cha sheria, kwa chaki na ubao.

Ndivyo tulivyofanya. Wiki iliyofuata tulimwomba msichana radhi, kisha tukamwuliza kama angependa tuliache shauri lile. Alikataa. Basi tukalirudia kwa masharti mapya: hakuna atakayetoa hoja yake kabla ya kuirudia ya mwenzake mpaka mwenzake aseme, "Ndiyo, ndivyo." Kijana hodari alijaribu mara mbili, na mara mbili msichana akatikisa kichwa. Mara ya tatu alisema polepole, bila methali, kwamba mtoto wa miaka sita huenda asiujue mpaka wa shamba, lakini apajua mahali alipozikwa bibi yake. Msichana akasema, "Ndiyo, ndivyo." Kisha ikawa zamu yake kuyasema maneno ya mkaaji. Hatutadai kwamba ilimwia rahisi. Alisimama kitambo akiwa kimya, na safari hii hakuna aliyecheka. Halafu akayasema, mpaka mwisho.

Shauri la nyumbani kwao halikuwa la darasa letu kulimaliza, wala hatukujaribu. Lakini tangu siku ile hatumpi mshindi alama zake mpaka tumsikie akilisema, bila kulipunguza, neno la aliyeshindwa.